Karibuni Ilivyonifikisha Mlango wa Choo

Jamani, ngoja nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Ofisini kwetu Mtumba ni mimi pekee ninayetumia mfumo wa Linux kwenye kompyuta, na huwa najigamba nayo sana. Wiki iliyopita Wi-Fi ya ofisi, ile isiyo na nywila iitwayo "Karibuni", ikawa inakatika kila mara kwenye laptop yangu. Wenzangu wakaniambia nirudi Windows. Thubutu! Nikabadilisha draiva ya Wi-Fi, nikazima mfumo wa kuokoa chaji, wapi! Nikahamia meza ya jirani na mkuu wetu, Mama Chiku, mtandao ukatulia. Nikatamba.

Mara Mama akanyanyuka akatoka, mtandao ukakata. Nikasema leo hainishindi. Nikabeba laptop mikononi, nikafuata mawimbi koridoni, macho kwenye kioo, vijimstari vya mtandao vikapanda hadi vikajaa.

Mlango ukafunguliwa mbele yangu. Ulikuwa wa choo cha wanawake, na aliyetoka ni Mama Chiku.

"Shikamoo Mama," nikasema, na asubuhi nilishamwamkia.

"Unanifuata mpaka huku?"

"Hapana, Mama, natafuta mtandao wa ofisi, ule wa Karibuni."

Akaitazama simu yake, akanitazama mimi.

"Karibuni ni mtandao wa simu yangu. Kumbe wewe ndiye unayenimalizia bando!"