Ukurasa Nilioandika Juu ya Bibi Gwantwa

Mwanangu, nakumbuka siku niliyoitwa Kyimo kula chakula cha mchana. Nilikwenda nikiwa na furaha, nikarudi nimeinamisha uso. Leo nakuona wewe na simu yako, unapiga picha parachichi za watu wa Kawetele na kuziweka mtandaoni, na wateja wanakuandikia kutoka Dar es Salaam kabla hujamaliza kupanga makreti. Nafurahi kukuona hivyo, wala sitaki kukutisha. Ninakusimulia haya kwa sababu mimi hakuna aliyenisimulia kabla sijakosea.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Ilikuwa ile miaka ya soko huria, maduka ya watu binafsi yanafunguliwa Tukuyu kila kona, na mimi nilikuwa mchapaji kwenye duka la fotokopi karibu na stendi. Nilichapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi na mihtasari ya vikao vya kanisa. Kisha mwenye duka akaleta intaneti. Usifikirie hii ya kwako. Tulikuwa na kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya wa simu, na mashine ilipotafuta njia ilikuwa inalia kama paka aliyefungiwa stoo. Mvua ikinyesha, na mvua ya kwetu unaijua, waya ulikatika tukabaki tunatazamana. Lakini ukishika, dunia nzima ilikuwa pale mezani. Watu wazima, walimu na wachungaji, walikaa kwenye benchi kwa adabu wakinisubiri niwafungulie barua pepe zao. Nilijiona mtu mkubwa. Hilo nalo nakuambia ulijue, maana kosa langu lilianzia hapo.

Kule Kyimo kulikuwa na kikundi cha akina mama waliosuka vikapu vya mianzi, na mama yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Vilikuwa vikapu vya kazi, vimebana hata ukiweka unga haumwagiki. Lakini soko lilikuwa linawafia mikononi. Ndoo na mabeseni ya plastiki kutoka nje yalikuwa yamejaa sokoni, mepesi, ya rangi za kuvutia, na watu waliyakimbilia. Akina mama wakaniomba niwatafutie wateja kwenye hiyo kompyuta yangu. Nikawatengenezea ukurasa. Nikaandika kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, kamusi ikiwa pembeni, kwamba hivi ni vikapu vya mianzi, upana wake huu, urefu wake huu. Nikangoja. Ukapita mwezi, ukapita wa pili, hakuna aliyeandika hata neno moja.

Nikaanza kutazama kurasa za wenzetu, nione wanafanyaje. Nikaona nyingi zina picha za watu wenye huzuni na maneno ya kutoa machozi. Nikajiambia, kumbe ndivyo inavyofanyika.

Kati ya picha nilizokuwa nazo za kikundi ilikuwepo ya Bibi Gwantwa. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wao kwa umri na fundi wao. Siku alipopigwa picha ile alikuwa ametoka shambani, miguu mitupu ina matope, kanga imefifia, amekaa mlangoni pa jiko la zamani anasuka. Nikaiweka peke yake kwenye ukurasa. Chini yake nikaandika kwamba huyu ni mjane, watoto wake wamemtupa, anakula mara moja kwa siku, na asiponunuliwa kikapu hajui kesho itakuwaje. Mjane alikuwa kweli. Hayo mengine niliyatunga nikiwa nakunywa chai.

Majibu yalikuja wiki ileile. Watu saba waliandika, wengine kutoka nchi ambazo nilizitafuta kwenye ramani. Wote walitaka vikapu. Akina mama waliposikia waliimba, na kwenye mkutano wao nikasimamishwa mbele nikapigiwa makofi. Bibi Gwantwa mwenyewe alinishika mikono yote miwili akasema, "Ndaga fijo, Tumpe. Umetusaidia." Ndaga ndiyo asante yetu, na alipoongeza lile fijo alimaanisha asante ya kutoka moyoni. Siku iliyofuata akaniletea maziwa dukani. Niliyanywa, mwanangu. Niliyamaliza yote.

Ukapita kama mwezi mwingine. Ndipo mama yangu mdogo akaniletea ujumbe kwamba Bibi Gwantwa ananiita Jumamosi nikale kwake. Nikajua ni shukrani nyingine. Nikavaa gauni langu zuri, nikapanda gari la Mbeya, nikashuka Kyimo na kushika njia ya migombani.

Sikuwa nimewahi kufika kwake. Nilikuta nyumba ya tofali za kuchoma na bati, uwanja umefagiwa, ng'ombe watatu zizini, mahindi yametundikwa darini hadi yanagusana. Ndani alikuwepo mwanamume wa makamo amevaa koti, hakunitazama nilipoingia. Bibi akanisalimu vizuri. "Ugonile, mwanangu," akaniuliza nimelalaje, kama tunavyosalimiana, akanionyesha kiti. Kisha akaleta chakula. Kulikuwa na ndizi za nyama, maharage na maziwa ya mgando kwenye bakuli kubwa. Nilipomaliza aliniongeza. Niliposema nimeshiba akaniambia, "Kula, mwanangu. Jioni tutakula tena."

Tulipokwisha kunawa akasema, "Huyu ni Ambokile, mwanangu wa kwanza. Anafundisha chuo huko Zambia. Ana karatasi anataka uione."

Yule mwanamume akatoa karatasi mfukoni akaikunjua mezani. Ulikuwa ukurasa wangu, umechapwa, na picha ya mama yake katikati.

"Mwenzangu wa kazini aliiona kwenye kompyuta," Ambokile akasema. "Aliisoma akaona jina la kijiji ambacho huwa nakitaja. Akaniwekea mezani mbele ya walimu wenzangu, akaniuliza, huyu si mama yako?"

Bibi Gwantwa akasema, "Msomee kwa lugha yetu, kama ulivyonisomea mimi."

Akasoma kwa Kinyakyusa, neno kwa neno, taratibu. Mimi niliyaandika kwa lugha ya mbali na hayakuniuma. Kwa lugha ya nyumbani, nimekaa kwenye kiti chake na chakula chake kiko tumboni mwangu, kila neno nililisikia lilivyo.

Nikajitetea. Nikasema, "Bibi, nilitaka mpate wateja. Na wale watu wako mbali sana, hawakujui."

"Mwanangu pia yuko mbali," akasema. "Ndiye aliyesoma."

Kisha akanieleza kilichotokea. Ambokile aliomba ruhusa kazini akasafiri siku mbili, njia nzima akiwa hajui kama atamkuta mama yake hai. Kila alichokuwa anatuma nyumbani kilipitia kwa mdogo wake Lugano, aliyekuwa akikaa na mama pale pale uwanjani, akimlimia na kumhudumia alipougua. Kwa hiyo alipofika, hata kabla ya kusalimia, alimkabili Lugano mbele ya mke na watoto wake akamwita mwizi na muuaji wa mama. Lugano alichukua familia yake akaenda kwa wakwe zake Matwebe, na hakuwa amerudi.

"Miaka tisa tangu nifiwe," Bibi akasema, "hakuna asubuhi ambayo Lugano hakuja kugonga mlango wangu kuona nimeamkaje. Wewe hukuijua hata sura yake, ukamwandika mtu mbaya, ukamweka mahali ambapo watu wote wanaweza kusoma na yeye hawezi kujibu."

Hakupaza sauti. Angenigombeza ingekuwa rahisi zaidi. Nililia, naye akaniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Kesho tukitoka kanisani tutakwenda Matwebe. Utasema mwenyewe, kwa mdomo wako. Hayo ya kompyuta tutayaona Jumatatu."

Sitakudanganya kwamba nililala vizuri au kwamba nilikwenda kwa moyo mkunjufu. Niliwaza kuugua. Lakini nilikwenda. Tulimkuta Lugano anachambua maharage na baba mkwe wake. Alimsalimu mama yake, akanikaribisha mimi asiyenijua, akampa kaka yake kigoda bila kumtazama. Nikasimama nikasema yote: kwamba maneno yale niliyaandika mimi, kwamba mama yake hakuyasema wala hakuyajua, kwamba niliyatunga ili vikapu vinunuliwe.

Lugano alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Uliwahi kuniona kabla ya leo?"

"Hapana."

"Basi ulimwandika nani?"

Nilisema tu, "Nisamehe, kaka."

Ambokile naye akasimama. Alikuwa mtu wa vitabu, nilidhani atatoa hotuba, lakini alikuwa na sentensi moja tu. Alisema, "Mdogo wangu, niliamini karatasi kuliko nilivyokuamini wewe," akakaa.

Lugano aliendelea kuchambua maharage. Mwishowe akauliza, "Nani anakamua ng'ombe?"

"Mimi," Ambokile akasema.

"Basi wamekwisha kauka."

Bibi Gwantwa ndiye aliyeanza kucheka, kisha mke wa Lugano, kisha sote. Jioni ile walirudi Kyimo pamoja, watoto wakitangulia mbele.

Jumatatu Bibi alikuja dukani kwetu na Ambokile, amevaa gauni lake la kanisani na kilemba cheupe. Alikaa mbele ya kompyuta akaitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyesikia habari zake. Nikaufuta ukurasa ule mbele ya macho yake. Kisha akaniambia, "Sasa andika ninavyosema." Ambokile akanisaidia Kiingereza. Alisema, "Naitwa Gwantwa. Nimesuka vikapu tangu nikiwa msichana. Kimoja kinanichukua siku tatu, na kama mvua ni nyingi siku nne, kwa sababu mianzi haitaki haraka. Nisichokipenda sikiuzi. Ukikinunua usikiache ndani ya maji." Tukampiga picha nyingine akiwa amekaa wima, kikapu magotini, watoto wake huku na huku, maana Lugano naye alikuwa ameitwa.

Nikawaandikia wale watu saba. Nikawaambia nilichowaandikia mwanzoni hakikuwa kweli, na ukweli ni huu, na asiyetaka tena kikapu aseme. Mmoja alinijibu kwa hasira, na alikuwa na haki. Wengine hawakujibu kabisa. Wawili walisema bado wanavitaka. Mmoja wao, mama mwenye nyumba ya wageni Zanzibar, aliandika kwamba hilo la siku tatu ndilo lililomvutia, akaomba vikapu vya kuwekea mikate. Baadaye akaomba vya nguo, na baadaye akawaambia wenzake. Haikuwa kasi ile ya wiki ya kwanza. Ilikwenda polepole lakini haikukatika, na akina mama wa Kyimo wakaendelea kusuka, mabeseni ya plastiki yakiwa palepale sokoni.

Na Bibi Gwantwa je? Ungedhani asingetaka hata kuisikia intaneti. Lakini kila siku ya soko alipita dukani kwetu, maana Ambokile, aliyekuwa amerudi Zambia, alikuwa amefunguliwa anwani ya barua pepe na alimwandikia mama yake kila wiki. Nilimsomea, naye akanipa majibu nichape. Kuna wakati alinikatiza akasema, "Soma kama anavyoongea yeye, si kama unavyoongea wewe." Niliuliza Ambokile anaongeaje. Akanionyesha, sauti nzito, taratibu, mpaka wateja wengine wakacheka. Kwa miaka yote aliyobakiza duniani alijua mwanawe anakula nini, anaumwa nini, mjukuu gani ameota jino. Mashine ileile iliyomletea mwanawe uchungu ndiyo iliyomletea Bibi sauti yake. Kwa hiyo sikubaliani na wazee wenzangu wanaosema mitandao imeharibu watu. Mimi nilikuwa nimeharibika kidogo kabla sijaigusa, na ni binadamu waliokaa nami uso kwa uso walionitengeneza.

Sasa mwanangu, nisikilize. Ukitaka kuweka sura ya mtu mahali ambapo wengi wataiona, mwombe kwanza, na umwambie maneno utakayoyaweka chini yake, kwa lugha anayoielewa. Ukiona aibu kumsomea mwenyewe, usiyaweke. Hiki ndicho kipimo changu na hakijanidanganya bado. Uza unachouza kwa jinsi kilivyo. Kama parachichi zimechelewa kuiva, sema zimechelewa. Mteja wa kweli hatakukimbia kwa kuambiwa ukweli, na atakayekimbia hakuwa wako. Usidhani anayesoma yuko mbali, kwa maana kila msomaji ana kwao, na kwao huko kunaweza kuwa ni kwenu. Na ukisoma habari za mtu huko mtandaoni, hasa anapotajwa ndugu yako, mpigie simu umsikie kabla ya kukasirika. Ukikosea, na utakosea, usiishie kufuta. Kufuta ni kazi ya kidole. Nenda kwa uliyemkosea ukasimame mbele yake, hata kama miguu haitaki.

Mungu akupe wateja wanaorudi na jina linalotajwa vizuri usipokuwepo. Akulindie ulimi, na vidole pia, maana siku hizi vinaongea sana. Ndugu zako wakusome wakufurahie, na kazi ya mikono yako ikufikishe mbali bila kumwumiza mtu. Nenda na baraka zangu, mwanangu.