Bondia Aliyeitwa Doji

Neno la kwanza la Kiingereza ambalo Kipkemei alilijua sawasawa lilimvunja pua.

Alishuka kutoka Keringet mwaka wa hamsini na moja, akapata kazi ya kubeba magunia ya ngano karibu na stesheni ya Nakuru. Wenzake wakitoka kazini walikwenda kunywa busaa. Yeye alivutwa na vishindo vilivyotoka kwenye ukumbi wa lokesheni, mtaa wa Waafrika, ambako Odenyo, fundi wa injini za reli aliyepigana Burma, alifundisha ndondi. Odenyo alikuwa amejifunza mchezo huo kwa sajini Mwingereza, na maneno ya ulingoni aliyachukua vilevile alivyoyasikia. Siku ya kwanza alimvisha Kipkemei glavu, akamsimamisha mbele ya polisi mmoja mrefu, akapaza sauti: "Dodge!" Kipkemei aligeuza uso kumwuliza maana yake. Ngumi ikamkuta hapohapo. Alisikia mfupa ukilia ndani ya kichwa, kisha damu ya moto ikamjaa mdomoni.

Odenyo alimziba pua kwa kitambaa cha kufutia grisi.

"Dodge ni kukwepa," akamwambia. "Ukilisikia hilo neno, usifikiri. Mwili uende wenyewe."

Mwili ulijifunza. Odenyo alining'iniza gunia la mchanga kwenye boriti, akalisukuma kwa nguvu na kupaza neno lile. Kipkemei akichelewa, gunia lilimtupa sakafuni. Baada ya gunia ilikuja fimbo ya ufagio. Mwaka haukwisha kabla kichwa chake hakijaanza kuinama chenyewe kila neno lile lilipotamkwa, hata akiwa amekaa anakula.

Pigano lililompa jina lilikuwa Naivasha, dhidi ya askari jeshi aliyezoea kumaliza watu raundi ya kwanza. Yule askari alirusha ngumi za kuua ng'ombe, zote zikapita hewani. Alipoanza kuhema mdomo wazi, Kipkemei aliingia chini ya mikono yake akampiga mbavuni, tena na tena mahali palepale, hadi askari akatapika damu juu ya viatu vya refa. Akaanguka kifudifudi na hakuinuka mpaka alipomwagiwa maji. Watu walisimama juu ya mabenchi wakiita, "Doji! Doji!" Kuanzia hapo hakuna aliyemwita Kipkemei mjini Nakuru, na yeye alilipenda lile jina kuliko alilopewa na mama yake.

Mkewe Cheptoo hakulipenda. Alikwenda kumtazama mara moja tu, akamwona akirudi kwenye kona jicho limefungwa na nyama ya shavu imepasuka. Alimwambia kwamba hatazaa watoto na mtu anayekodisha kichwa chake kipigwe. Walibishana juma zima. Mwishowe Kipkemei alikubali, wakahamia Subukia kwenye shamba la Mzungu la kahawa na ng'ombe wa maziwa.

Meneja wa shamba hilo wafanyakazi walimwita Tarumbeta kwa sababu ya sauti yake. Alitembea na kiboko cha ngozi, na mfanyakazi akikosea alipigwa mbele ya wenzake. Desturi ilikuwa kusimama tuli mpaka Tarumbeta aridhike. Ngigi, mkamuaji mwenzake Kipkemei, alikuwa na sikio lililochanika vipande viwili kwa sababu siku moja aligeuza kichwa. Kipkemei alipopigwa mara ya kwanza alisimama kama wengine, meno yameumana, akijiambia kwamba hapa si ulingoni.

Cheptoo alishikwa na uchungu mwaka wa hamsini na nne, siku ya kuogesha ng'ombe dawa ya kupe. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Kipkemei hakumtafuta meneja kuomba ruhusa. Alimweka mkewe juu ya mkokoteni wa maziwa akamvuta mwenyewe hadi zahanati ya misheni. Mtoto wa kike alizaliwa mbuzi wakirudi zizini, wakamwita Cherono.

Kesho yake asubuhi Kipkemei alirudi zizini peke yake. Tarumbeta alikuwa akimngoja. Kipkemei alijaribu kumweleza habari za mkewe, lakini yule Mzungu hakutaka kusikia. Uso ulikuwa umemwiva. Aliinua kiboko, akanguruma kwamba huyu mtu ni mvivu, na katikati ya maneno yale ya Kiingereza ambayo Kipkemei hakuyaelewa, likatoka moja analolijua.

"You dodge!"

Kichwa kikainama chenyewe. Kiboko kilipita juu yake kikichana hewa. Tarumbeta aliduwaa, kisha akazidi kupandwa na hasira. "Dodge, will you!" akapiga tena, na Kipkemei akaegemea kando, mikono chini, bila kurudisha pigo. Wafanyakazi waliacha ndoo zao. Mtu mmoja akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo. Tarumbeta alitupa kiboko, akamrushia ngumi kwa uzito wake wote. Kipkemei hakuwapo tena pale ngumi ilipofika. Palikuwa na nguzo ya mwerezi. Vidole vya Tarumbeta vilivunjika kwa mlio kama wa kuni kavu.

Walinzi wa shamba walimwangusha Kipkemei kwa marungu. Mmoja alimkalia miguu, mwingine akampiga mgongoni na kichwani. Ngigi alipojaribu kuingilia kati alipigwa naye hadi akalala chini. Walipomtupa Kipkemei kwenye lori alikuwa amepoteza meno matatu, na alikuwa akiita jina la mtoto aliyemwona mara moja tu.

Kesi ilisikizwa na hakimu wa kuzunguka, kwenye baraza la ofisi ya wilaya. Karani wa kutafsiri aliitwa Hiram. Tarumbeta, mkono kwenye plasta, alisema mengi, na kila mara neno lile lilijirudia. Kipkemei alilisikia akastaajabu: huyu mtu anamsifu? Anakubali kwamba hakupigwa, alikwepwa tu? Hakimu alimgeukia akamwuliza, "Did you dodge?" Kabla Hiram hajafumbua mdomo, Kipkemei alikuwa amejibu.

"Ndiyo, bwana. Mimi ndiye Doji. Nakuru yote wananijua."

Hiram alitaka kueleza kwamba mshtakiwa hakulielewa swali. Hakimu alimnyamazisha kwa mkono. Mshtakiwa amekiri mwenyewe. Alimhukumu jela na viboko.

Nje, wakingoja gari, Hiram alimweleza polepole, bila kumtazama usoni. "Umejifunga, ndugu. Kwao kukwepa ngumi ni dodge, lakini kutega kazi, kuikimbia kwa uvivu, nako ni dodge. Hata anayekimbia kodi wanamwita hivyo. Amekuuliza kama ulitega kazi, na hilo ndilo shtaka lenyewe."

"Na mbona hukusema?"

"Umenitangulia."

Jela walimfunga mikono na miguu kwenye meza ya mbao ili asiweze kusogea. Kiboko cha kwanza kilipokuja mwili wake wote ulivutika kando, kamba zikamkata viwiko. Cha pili hivyohivyo. Kabla hawajamaliza, mwili ulikuwa umeacha kujaribu.

Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwa Odenyo akaomba apewe pigano. Odenyo alimpa kijana asiye na sifa. Kipkemei alisimama katikati ya ulingo kama mti, akipokea kila ngumi. Odenyo alipaza lile neno hadi sauti ikakauka. Mwishowe alirusha taulo akapanda kumkumbatia, wote wawili wamejaa damu.

Akarudi Keringet, ambako Cheptoo alikuwa amejenga kwenye kipande cha ardhi ya baba yake mzazi baada ya kufukuzwa kule Subukia. Walilima viazi na pareto. Mwaka wa hamsini na nane jirani yao, Kiptanui, ambaye ng'ombe wake walikuwa wamekula pareto yao, aligombana na Kipkemei, akamwinulia rungu. Kipkemei hakuinama. Alipokea rungu begani, akaukamata mkono ulioshika rungu, akauvunja juu ya goti lake. Angeendelea, kama Cheptoo hangemvuta kwa shati akilia.

"Baba Cherono," alimwambia walipofika nyumbani, "zamani ulijua kuacha pigo lipite."

"Walinifundisha kusimama," akajibu.

Wazee waliamua kwamba Kiptanui hawezi kukamua kwa mkono mmoja, kwa hiyo aliyeuvunja atamkamulia. Kipkemei alikubali. Kila asubuhi aliingia boma la jirani yake, akachuchumaa chini ya ng'ombe, na Kiptanui akasimama mlangoni mkono umefungwa, akimtazama. Maziwa yakijaa, Kipkemei aliweka kibuyu juu ya jiwe akaenda zake.