Nyumba ya Mugango, Chumba cha Nyakato

Enzi zetu, sisi tuliokulia pembeni ya ziwa, nyumba nzuri haikuwa na maneno mengi. Bati lisivuje, na upepo uingie mlangoni bila kupiga hodi. Nyumba yetu ya Mugango ilikuwa na hayo na zaidi. Sakafu ya saruji nyekundu ilikuwa baridi hata mchana wa kiangazi, tukailalia matumbo wazi tukicheza gololi. Baraza lilitazama ziwa. Nyuma ya jiko palikuwa na mwamba mpana ambapo mama alianika dagaa, na harufu yake ilishika nywele zetu mpaka kanisani. Leo watoto wangu wakisikia harufu ya dagaa wanafungua dirisha. Sisi ndiyo ilikuwa manukato yetu.

Nayakumbuka haya kwa sababu mwaka huu nimerudi Mara na familia, na imenibidi nichague mahali pa kuishi. Nimerudi na kichwa juu, sifichi. Stashahada yangu ya ujenzi niliisomea Dar es Salaam kwa jasho langu mwenyewe, mchana nabeba zege, jioni nakaa darasani. Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kuvaa joho, na picha iko sebuleni kwa anayebisha. Kwa hiyo nikiingia kwenye nyumba sihitaji dalali anieleze. Nagonga ukuta, najua.

Zikabaki nyumba mbili. Moja iko Nyasura, Bunda: vigae mpaka jikoni, dari la jipsamu, kila mtoto na chumba chake, na geti ambalo hata aliye barabara kuu atauliza ni kwa nani. Nyingine iko Nyakato, hapa Musoma: ya zamani, jiko la kuinama, hatua chache kutoka shule ya msingi inayosifiwa mkoa mzima. Moyo wangu ulikuwa Nyasura. Wa mke wangu ulikuwa Nyakato.

"Baba Nyangeta," akaniambia, "wewe unataka geti. Watoto hawasomi geti."

"Na wewe unataka shule. Utapika darasani?"

Ubishi huo nilikuwa nimeshausikia nikiwa mdogo, ila wakati ule waliobishana walikuwa wazazi wangu.

Baba yangu alikuwa mtu wa minada. Alinunua ng'ombe vijijini, kuanzia Butiama mpaka Bunda, akawauzia wachinjaji wa mjini. Yeye mwenyewe hakumaliza hata darasa la nne, lakini alipoamua kwamba sisi tutasoma, alitafuta shule kwa njia aliyoijua. "Ng'ombe aliyefungwa kamba kila mtu anamsifia," alikuwa anasema. "Mimi namwangaliaga akitembea." Basi hakwenda kwa mwalimu mkuu kuulizia. Alikuwa anafika shuleni saa za kutoka, anakaa ng'ambo ya njia na fimbo yake magotini, anawatazama watoto wakienda nyumbani. Shule moja ilikuwa imepakwa chokaa ikameremeta, lakini watoto walitoka wakirushiana mabegi kama wamefunguliwa jela. Ile ya Nyakato kuta zilikuwa na nyufa, na watoto walitoka bado wanabishana juu ya hesabu. Mmoja akapiga magoti, akaandika mavumbini kwa kijiti, wenzake wakamwinamia, chakula kikawasubiri nyumbani.

Baba akarudi Mugango jioni hiyo. "Nimeiona shule."

"Ina vyoo?" mama akauliza.

"Sikuangalia vyoo. Tunahamia."

"Baba Magesa, unanitoa kwenye vyumba vinne unipeleke chumba cha kupanga, nikapikie nje kama niko msibani?"

"Nyumba hii haijui kusoma, mama Magesa."

Tukahamia. Ng'ombe wakabaki Butiama kwa baba mdogo, nyumba ikabaki na popo. Chumba chetu cha Nyakato kiligawanywa kwa pazia la maua, wazazi upande mmoja na sisi upande mwingine, tumepangana kama sato kwenye tenga. Bati lilikuwa chini, mchana ukapika vichwa vyetu. Mama alikuwa anatoka nje, anageukia upande wa Mugango, anasema, "Huku hata upepo unabanaga matumizi." Tulicheka. Yeye hakucheka.

Lakini shule! Alfajiri mchakamchaka, vumbi mpaka kooni, tunaimba mpaka mbwa wa mtaa wanakata tamaa ya kubweka. Kisha hesabu za kichwa mlangoni: mwalimu anakurushia saba mara nane, ukijibu unaingia, ukikosa unarudi mwisho wa mstari. Vijana wa leo wakiulizwa saba mara nane wanaipapasa mifuko kutafuta simu.

Na ua wetu ulikuwa shule ya pili. Mwenye nyumba, tukimwita Mama Majura, alikaanga samaki kibarazani na kuwafunga kwenye magazeti ya zamani. Hakujua kusoma, na alipenda habari kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Ukitumwa samaki kwake, hupewi mpaka umsomee karatasi.

"Soma, baba. Waziri amesemaje?"

"Amesema barabara itajengwa kabla ya... hapa pamechanika, mama."

"Pamechanika vipi? Malizia mwenyewe, umeenda shule kufanya nini?"

Basi tukamalizia. Tukajenga barabara, tukafukuza mawaziri, tukaozesha wachezaji wa mpira, na vidole vyetu vimejaa mafuta. Watoto wa ua mzima walikuwa wanajipanga pale kusikiliza, na ukikosea neno walikuzomea wote. Nasema bila aibu: lugha hii ninayojivunia leo niliipata kwenye gazeti lililonuka samaki.

Basi mwaka huu, ubishi wetu ulipokosa mshindi, nikafanya kama baba. Nikaenda Nyasura saa za kutoka shule, ile ya karibu na nyumba ya geti. Geti la shule likafunguliwa, yakatoka mabasi, vioo vimefungwa, mapazia yamevutwa. Sikumwona mtoto hata mmoja akitembea. Mlinzi ndiye akanijia.

"Mzee, una mtoto humu?"

"Bado."

"Bado vipi? Sogea basi, hapa hawasimamagi watu."

Kesho yake nikasimama Nyakato. Pale bado wanatembea. Kundi la wasichana likanifuata, mmoja wao mwenye begi kubwa kuliko mgongo wake akasema, "Shikamoo. Wewe ndiye mwalimu mpya wa hesabu?" Nikasema hapana, mimi ni mtaalamu wa ujenzi, nina stashahada. "Basi tupe swali tuende nalo," akasema. Nikawapa la mabati na paa. Wakaondoka wakibishana, na niliwasikia mpaka wakakata kona.

Jioni nikampigia mama simu, yuko Butiama kwa baba mdogo. Nikamuuliza kama alijuta kuhama. "Nyumba niliililia mwaka mzima," akasema. "Nyinyi sijawahi kuwalilia."

Tumehamia Nyakato. Seti yangu ya sofa nusu iko barazani. Mke wangu anainama jikoni na hajanilaumu bado. Nyangeta anarudi na hesabu zimeandikwa mpaka kiganjani. Shule nimeipata, nami najipongeza kwa hilo.

Ila baba alipotuletea shule, mtaa mzima ulikuja nayo bila kuombwa. Mimi nimezungukwa na kuta za majirani zenye vipande vya chupa juu, kila mtoto anasoma ndani kwake, na mafuta ya jirani yakichemka siyasikii. Mafundi walipokuja kujenga ukuta wangu, ule ambao ningeuwekea geti la kutazamwa na mji wote, niliwaambia waache wazi upande wote wa njia. Mke wangu akashangaa: "Na maua yangu? Si vitaingia vitu?"

"Acha viingie," nikamwambia. Kila jioni naketi pale nikiangalia njia. Mpaka sasa ameingia mbuzi peke yake.