Sampuli za Mwaka wa Njaa

Dada yangu amefanya kazi ya damu za watu kwa miaka ishirini na sita, na watoto wa mitaa aliyopita na kisanduku chake cha barafu walimwita Mama Sindano. Mimi ni mdogo wake, kitinda mimba, fundi cherehani. Mambo ya vinasaba nimeyajulia mezani kwa Mama, kwa kumsikiliza yeye, kwa hiyo nikikosea mahali mtaalamu anisamehe, nami nitamsamehe siku akija kwangu na suruali aliyoikata mwenyewe.

Tangu utotoni alikuwa mtu wa kupanga. Mama alitulea hivyo: vikombe na vikombe, vijiko na vijiko, na ole wako uchanganye. Mimi nilichapwa sana. Dada hakuchapwa hata siku moja. Wageni wakija, yeye alivipanga viatu vyao mlangoni kwa ukubwa, nikadhani ana kasoro. Kumbe tabia hiyohiyo ndiyo iliyompeleka chuo kikuu, kisha ng'ambo miaka sita, akarudi na shahada ambayo Mama alishindwa kuitamka, akaiita "ile ya damu".

Swali lake lilikuwa moja tu. Kuna mwaka mvua ilikata na watu wakala walichopata. Je, mtoto aliyekuwa tumboni mwaka ule alibaki na kitu mwilini? Vinasaba vyenyewe havibadiliki, alinieleza, ila juu yake kuna vialama vidogo vya kemikali, vingine vinawasha, vingine vinazima, kama swichi za taa. Nyumba ni ileile, taa zinazowaka ndizo tofauti. Akazunguka nyumba hadi nyumba kuwatafuta waliozaliwa baada ya njaa ile, pamoja na ndugu zao wa tumbo moja waliozaliwa miaka ya neema. Akatoa damu kwa wote, akaandika nani ana kisukari, nani ana shinikizo la damu. Watu elfu moja na mia mbili. Umeme ukikatika tunakula, aliacha chakula mezani akakimbilia jenereta ya lile friji lake la damu, na Mama alifunika sahani yake.

Mimi nilikuwa tumboni mwaka ule. Kisukari kilinipata nina miaka thelathini na moja. Dada hajawahi kusema kwamba alianza kazi hiyo kwa ajili yangu, wala mimi sijamuuliza.

Jibu alilipata miaka tisa iliyopita. Waliozaliwa baada ya njaa walikuwa na alama tofauti na ndugu zao, tena waziwazi. Jarida la kisayansi likachapisha, redio ikamwita. Mtangazaji akauliza, "Kwa hiyo, Daktari, mama asipokula vizuri anamharibia mtoto?" Dada akajibu kwa tahadhari, maneno mengi, lakini wasikilizaji walishabaki na lile swali. Mama alikuwa anasikiliza huku akikunja nguo. Akainuka, akazima redio, akarudi kukunja.

Kesho yake saa kumi na moja jioni alikuja kwenye kibanda changu na beseni. Kisukari kimeitia miguu yangu ganzi. Kuanzia vifundoni kwenda chini sihisi kitu, hata pedali ya cherehani naikanyaga kwa kuitazama. Daktari aliagiza nyayo zikaguliwe kila siku, maana fundi kama mimi anaweza kuchomwa na pini asijue, kidonda kikaoza, mguu ukakatwa. Mama akakaa kwenye kigoda, akaniosha, akazigeuza nyayo kwenye mwanga, akapapasa kati ya vidole.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Mwaka ule nilikuwa nampa baba yako chakula kwanza."

Nikamwambia aache maneno hayo. Maneno aliyaacha, beseni hakuliacha. Miaka tisa, kila siku, hata akiwa na homa. Nikimkaribisha kiti na chai alisema ana haraka, na haraka yenyewe sikuwahi kuiona inampeleka wapi. Mwaka wa kwanza nilimkasirikia Dada sana. Baadaye hasira nayo ikafa ganzi, tukawa tunasalimiana vizuri.

Mwaka huu Dada alipata mashine mpya, akataka kuzipima damu zilezile upya kabla hajastaafu. Kwenye mashine hii kompyuta ndiyo inayopanga, nayo huzichanganya sampuli ovyo, huyu wa njaa, huyu wa neema. Akapima. Ile tofauti haikuwepo. Akarudia wiki nzima. Haikuwepo.

Ndipo akafungua madaftari ya zamani. Ulikuwa mwandiko wake mwenyewe, uliopigiwa mistari kwa rula. Damu hizo hupimwa kwenye sahani za plastiki zenye vishimo tisini na sita. Yeye, mtu wa vikombe na vikombe, alizipanga sampuli za mwaka wa njaa zote kwenye sahani za mwanzo, na za ndugu zao kwenye sahani za mwisho. Katikati ya kazi dawa ya kupimia ikaisha, ikafunguliwa chupa nyingine, na chupa hizo mbili hazikuwa na nguvu sawa. Tofauti iliyompeleka redioni ilikuwa ya chupa.

"Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba lazima uchanganye," aliniambia, amekaa kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani. "Hata mimi nilijua. Niliona tu zimekaa vizuri."

"Sasa?"

"Nimeshawaandikia wahariri waiondoe ile makala."

Alisema kama anayesoma risiti. Nilimtazama nikitafuta chozi, sikuliona, na mimi pia sikuwa nalo.

"Mwambie Mama," nikasema.

"Nimwambie nini? Jibu likifutwa haimaanishi kwamba njaa haikukudhuru. Maana yake hatujui."

"Mwambie si yeye."

"Sina ushahidi huo."

"Dada, hapa si chuoni."

 Saa kumi na moja Mama akaingia na beseni, akafurahi kumkuta. Dada akamweleza yote taratibu, sahani na chupa, na Mama akasikiliza huku akinisugua kisigino.

"Kwa hiyo si mimi?" akauliza.

 Dada ni mtu ambaye hajawahi kukadiria namba, hata ya umri wake. "Kitaalamu, Mama, tunachoweza kusema ni kwamba..."

"Sikuulizi utaalamu. Nakuuliza wewe, mwanangu."

Nilimkata Dada jicho. Akaushika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Si wewe, Mama."

Mama akanikausha miguu, kidole kimoja kimoja, akaenda kumwaga maji nje. Akasimama mlangoni na beseni tupu. "Miaka tisa," akasema, akaenda zake.

"Nimesema kitu nisichokijua," Dada akaniambia. "Mara ya kwanza maishani."

"Ya pili. Ya kwanza ilichapishwa."

Alicheka kidogo, au alikohoa.

Kesho yake Mama alikuja saa ileile, mikono mitupu. Akavuta kiti, akakaa, akaegemea. "Haya, nipe hiyo chai unayonitangazia kila siku." Akanywa vikombe viwili. Akanisimulia jinsi marehemu baba alivyokuja kumposa na shati la kuazima, na mwenye shati akaja nyuma yake kulifuata. Mama akacheka mpaka akajifuta macho. Tangu siku ya redio sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Habari ya miguu sikumkumbusha.

Alipoondoka nikavua viatu, nikakilaza sakafuni kioo cha wateja, nikajikagua mwenyewe. Kwenye unyayo wa kushoto kulikuwa na pini imezama mpaka kichwani, damu imeshakauka. Labda iliniangukia kiatuni asubuhi. Nikaichomoa kwa koleo na sikuhisi kitu. Nikaosha kidonda, nikakifunga kitambaa, nikavaa soksi na kuivuta juu vizuri, maana kesho saa kumi na moja Mama anakuja kunywa chai.