Chai Tuliyopikiwa Kichakani Kizingo

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, nami nilikuwa mwalimu mgeni katika shule ya wasichana. Kwa kuwa nilikuwa mdogo kuliko walimu wote, nilikabidhiwa maskauti wa kike. Sikujua kufunga fundo la maana wala kuwasha moto pasi na kibiriti. Basi nikaambiwa niende Kizingo, Jumamosi moja kutwa, nikafundishwe mambo ya kuishi porini.

Mama aliniuliza swali moja tu.

"Huko kuna maji?"

"Sijui, mama."

"Hujui, nawe wenda?"

Akanijazia birika la bati, lile la chooni kwetu, akaliziba mdomo kwa kitambaa. Nililibeba ndani ya buibui njia nzima kutoka Mji wa Kale.

Tulikuwa walimu sita. Mmoja alitoka shule yetu, binti wa bara ambaye babake alifanya kazi reli. Tangu nianze kazi ndiye aliyenionyesha kila kitu, hata namna ya kuandika ripoti. Mkufunzi alikuwa bibi wa Kizungu wa makamo, amevaa kaptura, magoti yamemwiva kwa jua. Alituingiza kwenye kichaka nyuma ya zile nyumba kubwa za serikali, akatupa jembe. Kazi ya kwanza, kuchimba choo.

Shimo lilipokwisha nikauliza, "Maji ya kujisafishia je, bibi?"

"Maji ni ya kunywa," akasema. "Majani iko mengi." Akachuma jani pana, akajisugua nalo shavuni kutuonyesha ulaini wake. Wenzangu walicheka. Mimi nilihisi mate ya kichefuchefu yamenijaa kinywani.

Halafu wakaja samaki. Changu watatu, wamekufa tangu alfajiri, macho yameshaanza kuingia ukungu. Kwetu samaki huparwa magamba, hutolewa matumbo, huoshwa kwa chumvi na ndimu mpaka maji yatoke meupe. Yule bibi aliwapaka udongo wazimawazima, na matumbo yao na kila kilichomo, akawafukia kwenye makaa. Walipoiva alipasua udongo kwa jiwe, ngozi ikabanduka, na harufu iliyotoka pale sitaisahau. Akachota nyama kwa vidole, akavilamba, kisha kwa vidole vilevile akatugawia. Nilitia kipande kinywani kwa adabu. Kilikuwa na nyongo. Nilikitemea kwenye ukingo wa mtandio nikaukunja.

Nikachukua birika langu nikaenda kule shimoni. Nilipomaliza, maji yalikuwa yamebaki nusu. Nililiweka kwenye shina la mti, nikaenda kuokota kuni kama tulivyoamriwa.

Niliporudi birika lilikuwa limeshatoka motoni. Majani ya chai yalikuwa yakielea juu, na mkufunzi anamimina kwenye vikombe vya bati, amefurahi.

"Nani alileta kettle?" akauliza. "Akili nzuri sana!"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilimtazama yule bibi, vidole vyake vina mafuta ya samaki, na moyoni nikasema: mwache anywe. Ila hakunywa peke yake. Mwenzangu wa shule alipuliza kikombe chake, akanywa, akaomba cha pili.

"Wewe hunywi?" akaniuliza.

"Tumbo lanisumbua."

Akanisogezea mkeka nikae vizuri.

Jioni tulirudi pamoja kwa miguu. Tulipofika mbele ya Ngome ya Yesu, ambapo yeye hukata njia kwenda kwao Makadara, alisema siku ilikuwa nzuri, na chai ile ilikuwa na ladha ya moshi, imemkumbusha ya nyanyake. Nikamwambia birika lile lilikuwa la nini. Nilidhani tutacheka.

Alisimama. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Nilipoomba cha pili, ulijua? Ukakaa pale ukinitazama?"

Aliinama kando ya barabara akatapika, samaki na chai pamoja. Nilitaka kumshika mgongo.

"Usiniguse," akasema.

Kinyaa nilichokuwa nacho kutwa nzima, cha majani, cha samaki, cha vidole vya yule bibi, kilinigeukia mimi pale barabarani. Nilijiona mchafu kuliko vyote hivyo.

Jumatatu nilimwomba msamaha. Aliniambia yamekwisha. Wiki ileile niliomba kuondolewa kwenye uskauti, naye akapewa kikundi, akakiongoza vizuri. Tulifanya kazi shule moja miaka mitatu zaidi. Kila asubuhi alinisalimu kwa heshima kamili, kama mtu anavyomsalimu mkaguzi aliyekuja kutembelea shule.