Nilikwenda Kitui Kumwonyesha Susu Kwamba Sijafa

Habari za kifo changu zilinifikia nikiwa jikoni kwa mama mdogo, Nairobi, nikichagua mchele. Aliyezileta alikuwa jirani wa Susu, bibi yangu mzaa mama, ambaye alikuwa ameteremka basi la Kitui asubuhi hiyo. Aliponiona mlangoni alirudi nyuma, akashika mdomo, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Kumbe uko!" akasema. "Kule kwa Susu wako ushaliliwa kitambo."

Kosa halikuwa la mtu mmoja. Mama alikuwa amemtumia Susu ujumbe, na ujumbe ulifika mzima: Nzilani figo zake hazifanyi kazi, kwa hiyo mara mbili kwa wiki mashine inamtoa damu, inaisafisha, inamrudishia. Susu alisikiliza mpaka pale pa kutolewa damu. Hapo akajifunika leso kichwani. Katika maisha yake hakuwahi kusikia mtu aliyetolewa damu yote akabaki hai, na alipoona hakuna aliyemwita mazishini akaamua kwamba nimezikwa Nairobi kwa siri, ili yeye mzee asiumie moyo. Mama alikwenda mwenyewe kumweleza. Susu alimjibu kwamba anashukuru kwa kufichwa, lakini sasa uongo huo utoshe.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ugonjwa ulinianza nikiwa shule ya msingi kule Tawa, uso ukavimba asubuhi na miguu jioni, na wamama wa kanisani wakamsifu mama yangu kwamba mtoto amenona. Tulifurahia unono huo muda mrefu kuliko tulivyopaswa. Daktari alipotueleza ni nini, nilikuwa nimeshaanza kutapika kila nilichokula. Tangu hapo nilikulia kando ya ile mashine, hospitalini Nairobi, Jumanne na Jumamosi. Kunywa kwangu kulikuwa glasi mbili ndogo kwa siku, chai na mchuzi zikiwemo, kwa sababu maji yakinizidi hupanda mapafuni na kunizamisha nikiwa nchi kavu.

Nilimwambia mama mdogo nakwenda Kitui. Akauliza nikichelewa Jumamosi je. Nikamwambia sitachelewa. Mimi ni mbishi, na sikuwa tayari kuendelea kuwa marehemu kwa mtu aliyenilea.

Jumatano asubuhi nilipanda basi la Mombasa na kushuka Salama. Mama alikuwa akiuza machungwa kando ya barabara, pale ambapo mabasi na malori husimama watu wanunue chochote. Aliponiona alichukua chungwa kubwa kuliko yote akanipa, kisha akakumbuka akaninyang'anya. Machungwa nimekatazwa pia. Alifanya hivyo kila tulipokutana, na kila mara tulicheka, ingawa yeye alicheka akiangalia pembeni.

"Mvua imeanza huko milimani," akaniambia. "Ule mto wa kwa Susu unaujua. Ngoja hata mwezi ujao."

"Mwezi ujao Susu atakuwa amemaliza kunililia. Atabaki na nini?"

Akaanza kufunga machungwa yake. Tulilala nyumbani Tawa, na Alhamisi kabla jua halijachomoza akaniombea nafasi kwenye lori la mfanyabiashara wa mahindi aliyekuwa akienda Kitui. Dereva alikuwa mzee wa kanisa, mwendo wake wa adabu. Njia nzima alininyooshea chupa yake ya chai, na njia nzima nikamshukuru na kukataa, mpaka akaniuliza kwa upole kama nimefunga kwa ajili ya maombi. Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza figo.

Mchana tulifika Kitui mjini. Nilikunywa glasi yangu ya kwanza, nikapanda gari la kwenda upande wa Tiva, nikashuka mwisho wa barabara. Kijiji cha Susu kiko ng'ambo ya mto. Mto wenyewe siku hiyo ulikuwa mchanga mtupu, mpana, wa moto, na wanawake walikuwa wamechimba visima humo wakichota kwa kata. Mmoja alinikaribisha maji kabla hata hajaniuliza jina. Kwetu ndivyo mgeni anavyopokelewa, na pale ambapo maji ni shida ndipo mtu huona uchungu zaidi ukiyakataa. Nilisema asante mama, nimekunywa, nikavuka haraka.

Susu alikuwa amekaa mlangoni akipukuchua kunde. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho, hivyo humjua mtu kwa sauti na kwa mikono. Kwa Susu ni Kikamba tu, kwa hiyo maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili changu.

"Susu, ni mimi. Nzilani."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Mutheu," akasema, "ni nani amekufundisha kucheza na waliokufa?"

Mutheu ni mdogo wangu. Sauti zetu zinafanana hata mama hutuchanganya. Nilipiga magoti mbele yake, akanipapasa uso. Haukusaidia. Nzilani aliyemjua alikuwa na mashavu ya kuvimba, na huyu alikuwa na mifupa. Akashuka kwenye mkono wa kushoto, akauachia ghafla.

"Humu kuna nini? Kunavuma kama mzinga wa nyuki!"

Nikamweleza kwamba madaktari waliunganisha mshipa na mshipa, ili sindano za mashine zipate njia, na damu ikipita pale huvuma hivyo usiku na mchana. Wanawake wa jirani walikuwa wameshaanza kujaa uani. Susu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaagiza aletewe kibuyu cha uji.

"Nzilani wangu," akasema, "alikuwa anakishika kibuyu hiki, na akikiweka chini kimekauka. Haya, kunywa."

Kilikuwa kimejaa. Kilikuwa baridi, na uji ulinukia mtama uliochacha vizuri, kama alivyoujua kuupika yeye peke yake. Sijawahi kutaka kitu namna nilivyoutaka ule uji. Jumamosi ilikuwa mbali na njia ilikuwa ndefu. Nikiunywa, huenda nisingefika kwenye mashine. Nisipounywa, mimi ni Mutheu. Nilikishika, nikakinusa, halafu nikamrudishia.

Akakunja uso.

"Nenda umwambie mama yako nilishalia," akasema. "Asinilize mara ya pili."

Nililia, tena mbele za watu, kwa hasira na kwa kiu. Wanawake wakaanza kunong'ona. Ulimi wangu ulikuwa umegandamana na kaakaa, na maneno yaliyofuata sikuyapanga. Yalitoka kwa sababu kinywa kilikuwa kikavu.

"Basi Susu, nipe hata jiwe."

Susu akanigeuzia sikio.

"Jiwe gani?"

"La mtoni. Ulilokuwa ukiniwekea chini ya ulimi tukienda kuchota maji, mwaka ule wa njaa, wa kula mahindi ya njano ya msaada. Uliniambia nisimwambie Mutheu, atalimeza."

Susu aliweka ungo chini taratibu.

"Na nani alilimeza?"

"Mimi."

"Ukafanya nini?"

"Nikalia siku mbili nikidhani nitazaa mlima."

Susu alicheka. Alicheka akanivuta kifuani, akanitemea mate ya baraka kwenye paji la uso, akacheka tena huku akilia, akiita jina langu kwa sauti ya kusikika mpaka mtoni. Mimi nilikuwa nimelowa machozi na mate na nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote tangu nianze kuugua.

Baadaye nilimweleza ile habari ya maji. Nilijiandaa kwa maneno mengi, kama ninavyofanya Nairobi, ambako watu wasomi kabisa huniambia kidogo hakidhuru. Nilifika katikati tu.

"Yanaingia hayatoki," akasema. "Kama silanga, bwawa letu la udongo, isiyo na mlango wa kutolea maji. Ikijaa, ukuta unabomoka."

"Ndiyo, Susu."

"Basi nani aliyewaambia wakuwekee kibuyu?" akafoka, kana kwamba si yeye. Akatangaza kwamba hakuna mtu atakayenimiminia chochote ila yeye, akaagiza kikombe kidogo cha chai, na kuanzia hapo akanipimia kwa kidole kilichozamishwa ukingoni, kwa ukali, asipitishe hata tone. Maisha yake yote ameishi akiyagawa maji. Jioni akanitafutia jiwe jeusi, laini, kubwa kiasi cha kutomezeka.

Ijumaa asubuhi tuliusikia mto kabla ya kuuona. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, na ule mchanga wa jana ulikuwa maji ya rangi ya chai ya maziwa, yakibeba magogo na vichaka. Barabara ya Kitui mjini ilikuwa upande wa pili. Nilikaa ukingoni na jiwe langu mdomoni nikiyatazama maji yote yale, na kwa mara ya kwanza katika safari hiyo nikaogopa. Vidole vya miguu vilikuwa vimeanza kubana viatuni.

Susu hakukaa nami. Alishika fimbo yake akaongozwa kwenda shambani ambako mwethya yao ilikuwa ikilima makinga-maji, matuta ya kuzuia mvua isichukue udongo. Mwethya ni kikundi cha kufanyiana kazi kwa zamu: leo kwako, wiki ijayo kwangu. Saa za mchana akarudi nao wote, majembe mabegani, wakiongozwa na mwenyekiti wao, Mama Mbula, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kupigia mbiu. Alichomeka kijiti kwenye ukingo wa maji. Wakakaa wakikitazama kijiti, wakisuka kamba za mkonge, wakitaniana. Maji yaliposhuka mbali na kijiti akachomeka kingine, na kingine. Jua lilikuwa limeanza kulegea aliposimama.

"Sasa inavukika," akasema. "Leo mwethya ni ya Nzilani."

"Lakini mama, mimi si member."

"Saa hii umekuwa. Mkono gani ndio ile ya mashine?"

Nikamwonyesha. Akaufunga leso nyekundu ili kila mtu auone. "Hii hapana shika!" akawapigia kelele. "Shikeni nguo, shikeni hata nywele, hii hapana!"

Tulishikana mnyororo, kamba ya mkonge viunoni, fimbo mbele. Maji yalinifika mapajani na yalivuta. Katikati niliteleza, na mtu akanikamata kwa ukosi wa gauni kama mtoto wa paka. Walikuwa wakiimba wimbo wa kulimia, kwa sababu kazi ni kazi. Tulipofika ng'ambo Mama Mbula aliifungua ile leso, akaikamua, akanigeukia.

"Umejua siku ya mwethya inarudishwa?"

"Najua."

"Tumeacha shamba ya mtu juu yako. Utakuja urudishe. Hapa hakuna kukufa kabla hujarudisha."

Kutoka upande wa pili, Susu alikuwa akipaza sauti: "Umesikia Nzilani? Una deni la siku! Usinifie nalo!"

Nilimjibu kwamba nimesikia. Nililala Kitui mjini kwa dada mmoja wa kanisa letu, nikapanda basi la kwanza la Nairobi Jumamosi. Kabla ya mashine hupimwa uzito, kujua maji yamejaa kiasi gani mwilini. Sista wa hospitali alitazama mizani, akanitazama mimi, akatazama mizani tena.

"Umeongeza kidogo hivi? Kwani Kitui hawakukukaribisha?"

"Walinikaribisha sana," nikasema, nikatema jiwe kiganjani nimwonyeshe. Akaniamuru nikalichemshe.

Wagonjwa wenzangu walitaka kusikia yote. Niliwasimulia nikiwa nimelala, sindano mkononi, damu yangu ikizunguka nje na kurudi. Mzee wa kitanda cha jirani aliniuliza safari imenifundisha nini. Nikamwambia kwamba miaka yote nilidhani watu wakinipenda watanihurumia, na nilikuwa nimejizoeza kuhurumiwa. Sikuwa nimewahi kukutana na watu wanaonidai kazi. Nilipenda kudaiwa kuliko kuhurumiwa, na nilitaka sana kulipa.

Nililipa kiangazi kilichofuata. Nilisafiri njia ileile, Salama, Tawa, Kitui, nikavuka mchanga mkavu kwa miguu. Kwa mkono wangu nisingeweza kulima, lakini makinga-maji hupimwa kwanza kwa kamba, na kamba inahitaji mtu wa kushika mwisho wake bila kuchezacheza. Nilifika shambani wenzangu wamekwisha anza. Mama Mbula aliinua kichwa, akafuta jasho, na mbele ya kila mtu akanikemea kama alivyomkemea kila mwanachama.

"Nzilani! Hii ndiyo saa ya kuja kazi? Shika kamba!"

Nikashika kamba.