Mwezi Mkono wa Fundi Ulipotulia

Juzi nilirudi kwetu Vitongoji, nikakuta mama kakipakisha vanishi kitanda chake cha zamani. Nilipofungua mlango, harufu ya thina inayochanganywa na vanishi ikanipiga puani, nami, msomi mzima, nikasimama kuivuta kama mtoto. Unisamehe. Ile ndiyo harufu ya utoto wangu.

Nyumba ya pili alikaa fundi wa vitanda, jirani tuliyemwita ami. Vanishi aliipakia chumbani, madirisha yote yamefungwa, vumbi lisije likanata kabla haijakauka. Kisha kwa brashi nyembamba alichora maua kwenye ubao wa kichwani. Sisi tulikaa mlangoni tukinusa mpaka vichwa vikawa vyepesi, tukacheka bila sababu.

Miaka ikaenda, mkono wake ukaanza kutetemeka. Kahawa ilimwagika kabla ya kufika mdomoni, na majina yetu yakampotea.

"Ami, leo unacheza ngoma gani?" tulimtania.

"Ya harusi yako. Kaa tayari!"

Bibi yangu alisema ni shetani, na ushahidi alikuwa nao: kila Ramadhani mkono ulitulia. "Si mashetani wamefungwa minyororo mwezi huu?" aliuliza, huku akikoroga uji wa pilipili manga. Nani angembishia? Jua likizama, ami alishika kikombe kilichojaa pomoni asimwage hata tone, akamega mkate wa mofa, halafu akanichorea ua kwa mkaa kwenye ubao wangu wa chuo cha Kurani. Niliupenda mwezi ule kuliko Idi yenyewe. Ikifika Mfunguo Mosi, Ramadhani imekwisha, ngoma inaanza upya.

Chuo kikuu ndiko nilikosoma kwamba mvuke wa thina huingia kwa pumzi ukaumiza ubongo na mishipa ya fahamu. Hapo nikakumbuka jambo ambalo hata mimi, mwenye kuuliza kila kitu, sikuwahi kuliuliza: Ramadhani ami hakupaka vanishi. Alichelea harufu ile kali isije ikashuka kooni, ikambatilishia saumu.

Basi juzi nikaenda kumweleza. Fundi sasa ni mwanawe, na harufu ilipenya chini ya mlango ule ule. Ami alinisikiliza, kikombe kikimgonga meno. Brashi kaiacha zamani, lakini maradhi yameshaota mizizi: Ramadhani iliyopita mkono haukutulia hata siku moja.

"Kumbe mashetani nikiwafunga mwenyewe," alisema, akacheka kidogo. "Na nikiwafungua mwenyewe."

Kisha akapaza sauti: "Mwanangu! Fungua madirisha yote!"

"Baba, vumbi!"

"Na litue."

Niliporudi nyumbani nilipitisha kiganja juu ya maua ya kitanda cha mama, aliyoyachora ami mkono wake ukiwa mzima. Laini kama kioo, hayana punje ya vumbi. Vitanda vya namna hiyo havitatoka tena kwenye chumba kile. Nitavikumbuka sana, na sitaki virudi.